Sponji za Muhuru na Samaki wa Okeyo

Siku mliponiaga pale maabara, Homa Bay, mliniomba niseme machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nilisimama, nikaona wali unapoa na watu wanautazama kuliko wanavyonitazama mimi, nikasema asanteni nikaketi. Sasa nina nafasi. Niko nyumbani, kuku hawaniulizi ripoti, na nimeona niwaandikie ninyi mliobaki baadhi ya mambo ambayo ningependa mtu angeniambia nilipokuwa mgeni. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Hizo mtazijua wenyewe, na hazitawafurahisha.

Siku yangu ya kwanza nilirudishwa nyumbani. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nimevaa sketi iliyopigwa pasi, nimejipaka losheni ya waridi ambayo dada yangu alininunulia kwa ajili ya siku hiyo. Mkuu wa chumba chetu alikuwa Bwana Marwa, Mkuria wa Ntimaru, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akaniuliza jina.

"Awino," nikasema.

"Awino, karibu sana. Sasa rudi ukaoge."

Nilidhani ni dharau, na njiani nililia kidogo. Niliporudi nimeoga kwa sabuni ya mche, alinikaribisha kama vile ndiyo kwanza ananiona, akanieleza. Vyumba vingine vya maabara vilipima vijidudu na chumvi katika maji na samaki. Chumba chetu kilijibu swali moja: hii harufu ni ya nini, na imetoka wapi. Mtu anayenukia waridi hawezi kufanya kazi hiyo, na hata wenzake hawawezi kuifanya akiwa karibu. Kwa hiyo hakuna manukato, hakuna kitunguu mchana, na dereva wetu hakuruhusiwa kuning'iniza kwenye gari kile kikadi chenye harufu ya limau. Aliwahi kukificha chini ya kiti. Wiki hiyo sampuli zote kutoka kisiwa cha Mfangano zilikuwa na limau, na Bwana Marwa akamwuliza kwa upole kama ziwani siku hizi watu wanapanda milimau.

Marwa alinifundisha kwa chupa. Kila asubuhi alipanga chupa ndogo za kioo mezani, zimefunikwa karatasi ya alumini, mimi nazinusa na kusema kinachonijia. Udongo baada ya mvua. Kabichi iliyosahaulika kwenye sufuria. Moshi wa banda la kukaushia samaki. Nikisema "harufu mbaya" alinirudisha. "Mbaya si harufu," alisema. "Mbaya ni maoni yako. Niambie inafanana na nini." Ilinichukua muda mrefu kuacha kusema mbaya.

Kisha ikaja mashine. Ninyi mmeikuta, mnaiona kama kabati tu, lakini sisi tuliipokea kama bibi harusi. Wageni wakiniuliza inafanya nini nilikuwa nawaambia hivi. Harufu yoyote ni mchanganyiko wa vitu vingi. Ni kama waumini wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja, wote wamesongamana. Wakishafika barabarani kila mmoja ana mwendo wake, na ukisimama mbele kidogo utawaona wakipita mmoja mmoja na utawatambua. Ndani ya mashine kuna mrija mwembamba mrefu uliokunjwa kama springi ya godoro. Huo ndio barabara. Gesi inasukuma harufu, kila kampaundi, yaani kila kitu kimoja katika mchanganyiko, inatoka kwa wakati wake, na kompyuta inaitambua kwa uzito wa vipande vyake. Yetu ilikuwa pia na mdomo wa kioo pembeni ambapo mtu anaweka pua na kunusa kila kitu kinavyopita. Mashine inasema kilichopo. Pua inasema ni kipi kati ya hivyo kinachonuka. Msije mkamtimua mmojawapo.

Miaka michache baadaye nilitumwa pwani kwa mafunzo, kwenye maabara iliyokuwa ikichunguza harufu za sponji za baharini. Watu wa huko wanaziita sifongo. Wengi hudhani sponji ni mmea. Ni mnyama, mnyama asiye na mdomo wala macho, amejishikiza mwambani anachuja maji mchana kutwa. Hana pa kukimbilia, hivyo anajikinga kwa kemia. Ukimtoa majini au ukimkata, anaachia kampaundi za salfa, na nyingine kali zinazochoma pua, na kuna aina moja nyeusi ambayo tulikuwa tukiipasua karibu na dirisha lililo wazi kwa sababu ya kunuka kitunguu saumu kilichooza.

Huko ndiko nilikojifunza mambo yaliyonisaidia hadi mwisho. Chupa ni ya kioo, kamwe si plastiki, kwa sababu plastiki ina harufu yake na inanyonya ya wengine. Ijaze hadi juu, usiache hewa. Iweke kwenye barafu mara moja. Ukifika maabara, hamisha kiasi kwenye chupa ya kupimia, tia chumvi safi, maana chumvi husukuma harufu itoke majini. Chomeka ile sindano yenye uzi mwembamba uliopakwa dawa, iache hewani juu ya maji, usiitumbukize. Uzi unakusanya harufu, kisha unaupeleka kwenye mashine. Na kabla ya yote, pima chupa yenye maji matupu. Bila hiyo hujui kama unapima sponji au unapima mikono yako.

Niliporudi Homa Bay wenzangu walicheka sana. Walisema serikali imenisomesha harufu ya bahari na kunirudisha ziwani. Marwa hakucheka.

"Ziwa letu halina sponji?" akaniuliza.

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tulienda Mfangano, tukapindua mawe mahali maji yanapopiga mwamba, na zilikuwepo: tabaka nyembamba, za kijivu na kijani, kama ukoko wa ugali uliolowa. Watu wanazikanyaga miaka yote bila kuzipa jina. Tulizipima. Zikiwa hai majini hazikunuka sana. Zikikaa nje zikaanza kuoza, mashine ilionyesha salfa kama zile za pwani, ingawa zile kali zaidi hazikuwepo. Hakuna aliyetuomba matokeo hayo. Marwa alistaafu muda mfupi baadaye, akarudi Ntimaru kulima mahindi, na mimi nikaachiwa chumba.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo imenifanya niandike.

Mnakumbuka ziwa lilipopanda. Lilimeza miti, vyoo, mashamba, na majengo ya ufuoni yaliyokuwa yamesimama tangu zamani. Kisha likaanza kurudi polepole. Wakati huo wa kurudi ndipo tulipoletewa habari kutoka Muhuru Bay kwamba kuna mvuvi anayevua kwa sumu. Jina lake Okeyo. Ngege wake, wale sato wa ziwa letu, walinuka dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, na watu wawili wa nyumba moja walikuwa wamekula na kutapika. Wanunuzi wa Migori walikuwa wameacha kuchukua samaki wa ufuo wote. Kamati ya ufuo ilimnyang'anya nyavu na injini, polisi wakamhoji wakamwachilia wakisubiri maabara.

Polisi walituletea samaki mmoja kwenye mfuko wa nailoni na maji ndani ya chupa ya soda. Ya chungwa. Nilimwambia afisa sitapima hicho. Akaniuliza kama najua watu wa Muhuru wako katika hali gani. Nikasema ndiyo sababu sitaki kupima soda, na nikaenda mwenyewe.

Aliyenipokea alikuwa Mama Beryl, kiongozi wa wanawake wanaouza samaki pale, mama mnene mwenye leso ya kichwani iliyofungwa barabara. Yeye ndiye aliyemtaja Okeyo kwanza, na hakuficha.

"Nyamera," akaniambia, yaani dada yangu, "mimi nimechunga ng'ombe za baba kabla nije hapa. Hiyo dawa naijua kwa pua. Samaki za huyu mtu zinanuka kama josho."

"Samaki wa wengine hawanuki?"

"Ni zake pekee. Ndiyo uone."

Nilimwona hakuwa mtu wa kubuni. Dawa nyingi za kupe kweli zina harufu ya kitunguu saumu, kwa sababu zina salfa. Kitu alichonusa kilikuwepo.

Okeyo mwenyewe nilimkuta ameketi juu ya boti yake iliyopinduliwa mchangani, mtu wa makamo, Msabato, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Nilijitambulisha.

"Sikuweka dawa," akasema. "Nimesema mpaka nimechoka. Uliza unachotaka."

"Sitauliza kitu. Nataka unionyeshe samaki wanapokaa kabla ya kuuzwa."

Alinitazama kidogo, kisha akanyanyuka. Alikuwa na desturi ambayo wenzake hawakuwa nayo. Badala ya kuuza ngege wote asubuhi, aliwaweka wengine hai ndani ya boma la wavu majini, akisubiri wanunuzi wa jioni. Boma lenyewe lilikuwa katikati ya kuta za jengo la zamani lililozamishwa na ziwa, mahali penye kivuli na maji yaliyotulia.

"Hii ilikuwa nyumba ya nani?"

"Banda ya kupimia samaki. Maji ilimeza. Sasa inarudisha kidogo kidogo."

Kuta zilikuwa zimejitokeza kiasi cha mkono. Sehemu ile iliyotoka majini ilikuwa imefunikwa na ukoko wa kijivu, mnene, unaomeguka na kuanguka ndani ya boma. Nilikwaruza kipande. Mikono ilianza kuniwasha papo hapo, kwa ile miiba midogo ya kioo iliyomo ndani ya sponji, na harufu ilipopanda nilikumbuka dirisha la pwani.

Vijana wangu, hapa ndipo pua ni ya kuogopwa. Ikishapenda jibu inaanza kulinusa kila mahali. Nilichukua ukoko wa ukutani, maji ya ndani ya boma na ya mbali nalo, samaki wa Okeyo na samaki wa boti nyingine, vyote mbali na mahali omena, dagaa wetu, inapoanikwa, maana pale pua hufa. Okeyo alinishikia sanduku la barafu.

Dawa ya kupe tuliitafuta kwanza. Haikuwepo ndani ya samaki, wala majini. Nilimpigia afisa.

"Kwa hivyo yuko safi?"

"Samaki hawa hawana dawa hiyo."

"Na harufu je? Watu watauliza harufu."

Alikuwa na haki. Kumwambia mtu kitu anachonusa sicho, bila kumwambia ni nini, ni kama kutomwambia kitu. Nikataka kupima harufu yenyewe, na siku hiyohiyo mtungi wa gesi ya mashine ukaisha. Mwingine ulitakiwa kutoka Kisumu. Ukachelewa. Nilipiga simu hadi mpokeaji akanijua kwa sauti.

Wakati tunasubiri, Mama Beryl alinipigia. Aliongea polepole.

"Wamechoma boti ya Okeyo. Mchana, watu wote wakiwa hapo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Sikusema kitu."

Nilimwuliza kama Okeyo yuko salama. Akasema alikuwa kanisani, alirudi akakuta majivu, akayaangalia, akaenda nyumbani. Katika miaka yote hiyo niliamini kwamba kazi yetu ni ya usahihi na subira, na bado naamini. Siku hiyo niliona gharama ya subira yetu inalipwa na mtu mwingine.

Gesi ilipofika nilimpigia Bwana Marwa, nikamwomba aje anuse pamoja nami, nisiwe peke yangu katika jambo zito. Alikuja kutoka Ntimaru na fimbo, amekonda. Nilimkalisha kwenye mdomo wa kioo. Alikaa pale muda mrefu, kampaundi zikipita, uso wake haubadiliki. Mwishowe akajiondoa.

"Awino, mimi sinusi tena," akasema. "Tangu ile homa ya mwaka juzi. Hata moshi sisikii. Sikutaka kukuambia kwa simu."

Akanyanyuka kitini.

"Kaa wewe," akasema. "Mimi nitasoma kompyuta. Usiniangalie, nusa tu, uniambie."

Tukafanya hivyo. Mimi nimefumba macho, pua kwenye kioo, yeye nyuma yangu.

"Kabichi iliyochemshwa," nikasema.

"Endelea."

"Kitunguu saumu. Kikali. Sasa kimepungua. Sasa kingine, kizito zaidi, kama kitunguu kilichooza."

"Daimethili disalfaidi, yenye salfa mbili," akasoma. "Na ile ya pili ni ndugu yake, ya salfa tatu. Huyo ni samaki wa Okeyo. Sasa weka ukuta."

Tuliweka sponji ya ukutani. Vilipita vilevile, kwa nyakati zilezile. Tukaweka samaki wa boti nyingine: hakuna. Chupa ya maji matupu: hakuna. Bado hatukuridhika, kwa sababu salfa hizo hutoka pia kwenye vitu vingine vinavyooza. Tukachukua ngege wazima, tukaweka baadhi kwenye tangi lenye ukoko wa ukuta na wengine kwenye tangi safi. Kisha tukawachemsha bila chumvi na kuwapa wenzetu wa vyumba vingine wanuse bila kuambiwa ni wepi. Hawakusita kuwatenga wale wa ukoko. Mmoja wao aliuliza kwa nini tunataka kumuua kwa dawa ya ng'ombe. Marwa alicheka, akatoa kitambaa, akajifuta macho, na sikujua kama yalikuwa machozi ya kicheko.

Mkutano ulifanyika Muhuru, kwenye banda la kamati. Nilisema mambo matatu. Hakuna dawa ya kupe. Harufu ni ya sponji zilizoota kwenye kuta ziwa lilipopanda, na zinazooza sasa likishuka. Zinaanguka ndani ya boma la Okeyo, na samaki wanabeba harufu hiyo mwilini. Na wale wawili waliotapika, sijui kilichowapata, kwa sababu chakula chao hakikufika kwangu.

Mzee mmoja akasimama. "Kwa hivyo unasema huyu hajawahi kutumia dawa?"

"Nasema samaki hawa hawakuwa nayo. Maisha ya mtu siwezi kuyapima."

Manung'uniko yakapita. Nilimwomba Mama Beryl aje mbele, nikampa chupa iliyofunikwa. Aliifungua, akanusa, akageuza uso.

"Ni yenyewe," akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa kwa samaki zake."

"Hamna samaki ndani. Ni ukuta."

Alitoa karatasi yote, akachungulia. Kisha akaipitisha chupa kwa aliye karibu, naye akampa mwenzake, ikazunguka banda zima. Okeyo alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Chupa ilipomfikia aliipitisha bila kuinusa.

Polisi waliacha jambo hilo. Kamati ilimrudishia nyavu na injini, na boma likahamishwa mbali na kuta. Wanunuzi walirudi. Mama Beryl alipita nyumba kwa nyumba akichangisha mbao za boti mpya, na alipata nyingi. Lakini Okeyo alikuwa amekwisha kuondoka na mke wake kwenda Mfangano, kwa wakwe zake. Nilipopita Muhuru mwaka uliofuata mbao zile zilikuwa bado pale, zimefunikwa turubai, hakuna aliyethubutu kuzitumia wala kuziuza.

Miezi michache kabla ya kustaafu nilikwenda Mfangano kuchukua sampuli za mwisho. Pale zinaposhukia boti nilisikia mtu akiniita madam. Alikuwa Okeyo, amenenepa kidogo, anauza ngege kwenye beseni. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Nilimwambia kuhusu mbao. Akasema amesikia, Mama Beryl alikuja mwenyewe kumwambia, walikula pamoja, lakini hatarudi. Kisha akapanga upya samaki ambao walikuwa wamepangwa vizuri.

"Madam, ile siku ya kwanza ulikuja na chupa. Ulikuwa unafikiri ni mimi?"

Ningeweza kumjibu kwa wema. Alikuwa amepoteza boti, na mimi nilikuwa nakaribia kwenda nyumbani.

"Sikuwa najua," nikasema. "Ungeweza kuwa wewe."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana.

"Mke wangu alijua si mimi. Muhuru yote ilijua ni mimi," akasema. "Wewe ndiye ulikuja kuangalia."

Akachagua ngege wawili wakubwa, akawafunga kwa vitanzi vya kamba, akanipa, akanikataza kutoa pesa mfukoni. Niliwapokea, na kwa mazoea ya maisha yangu yote, kabla sijafikiri, nikawainua hadi puani. Niliona aibu mara moja. Nikaanza kuomba radhi.

Okeyo alikuwa anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

"Nusa, madam," akasema. "Nusa tu."